Mkopo na Ufadhili wa Serikali kwa Masomo ya Juu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Lamu

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi na wazazi wa Amu, Faza, Kizingitini, Mokowe, Mpeketoni na Kiunga. Wengi wanaofika kuomba msaada wa kujaza fomu wanadhani hawastahili, kumbe wanastahili kabisa. Kinachowakwamisha ni karatasi: jina lisilolingana, cheti cha kifo ambacho hakikuchukuliwa, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mjomba. Ndiyo maana majibu mengine hapa ni marefu na mengine ni mstari mmoja.

Nani anastahili kupata pesa za serikali za chuo kikuu?

Mkenya aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akapata angalau C+, akapangiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, nafasi ya shahada katika chuo kikuu cha umma. Huyo anaweza kuomba vitu viwili: ufadhili, ambao haulipwi tena, unaotoka kwa Universities Fund (hazina ya serikali ya vyuo vikuu), na mkopo, ambao unalipwa, unaotoka HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu). Vyote viwili huombwa mahali pamoja, kwenye tovuti ya hef.co.ke. Mfumo huu ulitangazwa Mei 2023 na ukaanza na waliofanya KCSE mwaka 2022.

Kupangiwa nafasi hakukuletei pesa. Barua ya chuo ikishatoka, wazazi wengi hukaa wakidhani serikali itaendelea yenyewe. Haiendelei. Asiyeomba hapati, hata awe yatima aliyepata A.

Nilipata C+ lakini sikuomba KUCCPS. Nimekwenda mwenyewe chuoni nikapokewa. Je, ufadhili ninao?

Ufadhili huna, kwa sababu unamfuata aliyepangiwa na KUCCPS. Subiri KUCCPS wafungue maombi tena, uombe kabla hujalipa karo kubwa ya kujilipia mwenyewe.

Na chuo kikuu cha binafsi?

Anayesoma chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB. Ufadhili wa serikali hapati.

Baba yangu ni mvuvi. Fomu inauliza mapato ya mwezi. Niandike nini?

Hili ndilo swali linaloharibu maombi mengi ya kwetu, kwa hiyo tulizungumze kwa kina.

Mvuvi hana mshahara. Msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ikitulia, anaweza kurudi na samaki wa kutosha wiki nzima. Kusi ikivuma, chombo kinakaa ufukweni siku nyingi na nyumba inaishi kwa deni la dukani. Kijana anayejaza fomu Januari humwuliza baba yake, "Mwezi huu umepata kiasi gani?" Baba anajibu kwa fahari ya mwezi mzuri, na nambari hiyo inaandikwa kana kwamba ndiyo hali ya mwaka mzima.

Fanyeni hesabu ya miezi 12. Tuseme miezi 6 mizuri baba hubakiwa na shilingi 30,000 kwa mwezi, na miezi 6 mibaya hubakiwa na 6,000. Jumla ni 216,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, unapata 18,000. Hiyo ndiyo nambari ya kweli. Na neno "hubakiwa" lina uzito wake: toeni kwanza mafuta ya injini, barafu, na fungu la mwenye chombo. Kinachouzwa sokoni kikipimwa kabla ya kutoa hivyo, si mapato ya nyumba.

Tofauti yake ni kubwa. Katika mpangilio uliotangazwa mwaka 2024, familia zenye mapato ya hadi 5,995 kwa mwezi zimewekwa kundi la kwanza, linalopata msaada mkubwa zaidi, hadi 23,670 kundi la pili, hadi 70,000 kundi la tatu, hadi 120,000 kundi la nne, na zaidi ya hapo kundi la tano. Kijana wa mfano wetu akiandika 18,000 yuko ndani ya kiwango cha kundi la pili. Akiandika 30,000 ya mwezi wa kaskazi, amejipandisha hadi la tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Hesabu hiyo hiyo inamfaa mama anayeuza mahamri, fundi wa jahazi, mwenye punda wa kubeba mawe, na mkulima wa Mpeketoni anayevuna kwa msimu. Wala msipunguze kwa uongo. Anayedanganya anachukua fungu la mtoto mwingine wa kisiwa hiki hiki, na taarifa za familia zinaweza kukaguliwa.

Je, ni mapato peke yake yanayotazamwa?

Hapana. Fomu inapima pia hali ya wazazi, idadi ya watoto na wanaosoma, ulemavu, jinsia, aina ya kozi, shule uliyosoma, na kama unatoka eneo lililoachwa nyuma.

Hilo la mwisho lisikupite. Lamu ni miongoni mwa kaunti 14 zilizotambuliwa rasmi tangu mwanzo kuwa zimeachwa nyuma kimaendeleo, kwa ajili ya Hazina ya Usawazishaji, mfuko wa serikali wa kuinua maeneo kama hayo. Kila mwaka kuna vijana wanaoandika anwani ya shangazi aliye Mombasa, kwa kuwa ndiko walikokaa wakisubiri matokeo. Andika kwenu. Kama kwenu ni Mbwajumwali, andika Mbwajumwali.

Na kuhusu shule: ikiwa ulisoma shule ghali kwa sababu mfadhili alikulipia, sema hivyo na uweke barua ya mfadhili. Bila barua, anayetazama ataona karo kubwa tu na kuamini kuwa nyumbani kuna pesa.

Kila kundi linapata kiasi gani?

Kwa mpangilio wa 2024: kundi la kwanza linapata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia inalipa asilimia 5. La pili ni 60, 30 na 10. La tatu ni 50, 30 na 20. La nne ni 40, 30 na 30. La tano ni 30, 30 na 40. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, kuanzia 60,000 kwa mwaka kundi la kwanza, ukipungua kwa 5,000 kila kundi hadi 40,000 kundi la tano.

Tuchukue mfano wa kozi inayogharimu 200,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kundi la kwanza anafadhiliwa 140,000, anakopeshwa 50,000 ya karo, na nyumbani wanatoa 10,000. Akichukua na 60,000 za kujikimu, deni lake la mwaka ni 110,000. Kwa miaka minne ni 440,000. Wazazi wengi hawajawahi kuoneshwa hesabu hii ya mwisho, na mimi naona ni haki yao kuiona kabla kijana hajatia saini. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza ada za vyuo vikuu vya umma, basi tazama gharama iliyo kwenye barua yako wewe, usitumie ya kaka yako aliyetangulia.

Mkopo una riba. Mimi ni Mwislamu. Nifanye nini?

Tunaulizwa swali hili kwa sauti ya chini, mara nyingi na baba aliyebaki nyuma baada ya wengine kuondoka. Nalijibu kwa uzito wake.

Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni la 440,000 hiyo ni 17,600 kwa mwaka. Ufadhili hauna riba wala haurudishwi; ni pesa za umma zinazotolewa kwa mwanafunzi. Katika maombi, ufadhili na mkopo huchaguliwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo anayeogopa riba asiache fomu yote. Niliwahi kumpata binti aliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu aliambiwa "pesa za serikali ni riba" na hakuna aliyemtenganishia mambo haya mawili. Liliniuma sana.

Ukichukua ufadhili pekee, jueni mzigo unaobaki. Kwa kozi ile ya 200,000 katika kundi la kwanza, nyumbani mtatafuta 60,000 za karo kila mwaka, pamoja na chumba, chakula na nauli. Hapo ndipo huingia basari, zaka ya jamaa wenye uwezo, na mchango wa ukoo. Kuhusu hukumu ya dini yenyewe, mwendee shekhe unayemwamini, umpelekee nambari hizi mkononi ajue anachoulizwa.

Cheti changu cha KCSE kinasema "Mohamed Ali Omar", kitambulisho kinasema "Muhammad Ali Omar". Kuna tatizo?

Lipo, na huku kwetu ni la kila siku. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Fatma na Fatuma. Abubakar na Abubakari. Sharif lililo mbele kwenye karatasi moja na halipo kabisa kwenye nyingine. Jina la babu lililoachwa na karani. Kwetu ni mtu yule yule, na mtaa mzima unamjua. Kompyuta inaona watu wawili.

Weka mezani karatasi zako zote: cheti cha kuzaliwa, hati ya matokeo, kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mamlaka ya kodi), usajili wa laini ya simu, barua ya chuo. Soma herufi kwa herufi, kwa sauti, na mtu mwingine akifuatilia. Kama kitambulisho hakijachukuliwa bado, kiombe kwa jina lililo kwenye cheti cha KCSE na cha kuzaliwa. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kama kimeshatoka na tofauti ni ya herufi, pata hati ya kiapo kwa wakili au kamishna wa viapo inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na uanze kurekebisha kitambulisho bila kungoja.

Ushauri kwa wazazi wenye watoto wa darasa la chini: tazameni cheti cha kuzaliwa leo. Kosa la karani ni rahisi kusahihishwa mtoto akiwa na miaka 8 kuliko akiwa na 18 na meli iko ng'ambo inamngoja.

Sina kitambulisho. Nakosa?

Ikiwa hujafika miaka 18, umri haukuondoi kwenye kustahili. Tumia cheti cha kuzaliwa na taarifa za mzazi pale zinapotakiwa. Ikiwa umeshafika 18, nenda ukasajiliwe sasa hivi. Familia za Kiunga na Basuba zinajua mateso ya kupigwa msasa mara mbili tatu kwa sababu ya kuishi karibu na mpaka. Februari 2025 Rais alitia saini tamko la kuondoa msasa huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ukiambiwa urudi tena na tena, omba uelezwe kwa maandishi ni hati gani inayokosekana.

Karatasi gani nizitayarishe kabla ya kwenda saiba (duka la intaneti)?

Kitambulisho chako, PIN ya KRA, picha ya pasipoti, nambari ya mtihani na mwaka wa KCSE, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo, barua ya kupokewa chuoni, vitambulisho vya wadhamini wawili, anwani ya barua pepe unayoikumbuka nywila yake, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini ya mama haifai: pesa za kujikimu humjia mwanafunzi mwenyewe, na taarifa za laini lazima zilingane na zake.

Baba amefariki baharini na hatukuchukua cheti cha kifo.

Poleni sana. Anzeni kwa chifu. Bila cheti cha kifo, mfumo unamhesabu baba kuwa yu hai na anatafuta riziki, na mtoto yatima anawekwa kundi asilostahili. Ikiwa mwili haukupatikana, jambo linahitaji utaratibu wa kisheria na ushauri wa wakili. Mueleze chifu mapema awaandikie barua ya kueleza hali ya familia mnapoendelea kushughulikia.

Wazazi wameachana na baba hasaidii kitu. Bado nimtaje?

Mtaje ukweli wake. Eleza kuwa wameachana na unalelewa na mama, uweke hati ya talaka ya Kadhi kama ipo, au barua ya chifu. Mama aliyeachwa bila karatasi aende ofisi ya Kadhi kuuliza namna ya kusajili talaka. Itamfaa kwa mengi zaidi ya hili.

Nimeolewa. Naruhusiwa kuomba?

Ndiyo. Ndoa haimwondolei mtu haki hii. Wala ujauzito. Mume akikataa, hilo ni la kuzungumzwa na wazee wa nyumba mbili, lakini asikwambie kuwa serikali ndiyo iliyokataza.

Wadhamini wawe watu gani? Kila mtu anaogopa kutia saini.

Wawe wawili wenye vitambulisho, na mzazi anaweza kuwa mmojawapo. Waelezwe wazi: mdhamini anaahidi kuwa mkopaji akikimbia deni, naye anaweza kuulizwa. Ami akikataa baada ya kuelewa, usimchukie. Tafuta mwingine.

Nilipata C- au D. Kuna msaada kwangu?

Upo. C- inakuingiza kwenye diploma, D kwenye cheti, na kozi za ufundi wa chini kabisa hupokea hata mwenye E. Wanaosoma vyuo vya ufundi vya umma na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya udaktari na uuguzi, huomba msaada HELB vilevile. Kuna wazazi wanaona haya mtoto kusomea umeme au injini za boti. Mji huu unazungukwa na bandari na vyombo vya baharini. Fundi mzuri wa injini hapa hakosi kazi, na karo yake ni ndogo kuliko ya shahada nyingi.

Mwanangu amepata nafasi Madina. HELB itamlipia?

Ufadhili huu ni wa waliopangiwa na KUCCPS vyuo vya hapa nchini. Masomo ya Madina yana utaratibu wake wa ufadhili kutoka huko huko.

Nimewekwa kundi lisilo sawa. Naweza kulalamika?

Unaweza kukata rufaa kupitia tovuti ile ile ya maombi. Rufaa ya "sisi ni maskini, tafadhali tuhurumieni" haina nguvu. Rufaa yenye ushahidi ina nguvu: cheti cha kifo ambacho hukuweka mwanzo, barua za karo za ndugu zako watatu walio sekondari, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, barua ya chifu inayoeleza kuwa mashua ya baba ilizama. Kama wewe mwenyewe ulikosea kujaza, sema ulikosea wapi, kisha uweke nambari sahihi pamoja na hesabu yake.

Muhula umeanza, pesa hazijaingia. Chuo kinataka karo.

Nenda ofisi ya fedha ya chuo ukiwa na uthibitisho wa maombi yako, uombe kusajiliwa ukisubiri. Karo hulipwa moja kwa moja chuoni, kwa hiyo nao wanajua pesa za HELB zinaweza kuchelewa. Hali ya mkopo wako unaweza kuitazama kwa kupiga *642#. Usirudi Lamu kwa hasira. Aliyerudi kungoja pesa nyumbani mara nyingi amekuta mitihani imempita.

Nikishapata mwaka wa kwanza, nimemaliza?

Hapana. Mkopo unauomba upya kila mwaka. Wengi husahau mwaka wa pili.

Basari ya kaunti na ya NG-CDF zitaninyima HELB?

Omba zote. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, inatoka eneo bunge lako, Lamu Mashariki au Lamu Magharibi, na ya kaunti hupitia wadi. Hutolewa kidogo kidogo, lakini kwa familia ya kundi la kwanza inayodaiwa 10,000, basari moja inaweza kumaliza fungu la nyumbani lote.

Nilisikia mahakama imeufuta mfumo huu.

Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo huu unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na maombi yakaendelea. Wewe omba. Aliyengoja kesi iishe alipoteza mwaka.

Nisipolipa mkopo itakuwaje?

Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza unatozwa faini ya 5,000 kila mwezi, na jina lako linaweza kupelekwa kwa mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji. Waajiri wengi hutaka cheti cha HELB kuonesha huna deni sugu. Kama hujapata kazi, waandikie uwaeleze. Nimewaona watu waliokopa kidogo wakaja kudaiwa mara mbili yake kwa sababu ya kunyamaza tu.

Kuna mtu ameniomba 5,000 ili "anipandishe" kundi.

Usimpe. Kuomba ni bure, na hakuna mtu wa kati anayepanga makundi. Lipa pesa ya saiba peke yake, na usimwachie mtu nywila yako wala nambari ya siri ya simu.

Niko Kiunga na mtandao hakuna. Nauli ya boti mpaka Amu ni kubwa. Nifanyeje?

Usije mara tatu. Kusanya karatasi zote zilizotajwa hapo juu, zipige picha kwa simu, uzisome tena jina kwa jina, na mpate barua ya chifu kabla hamjaondoka. Njooni wanafunzi wanne watano pamoja, siku ya kazi, mapema katika wiki, ili kama dawati la Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, lina foleni muwe na siku ya pili. Mzazi mmoja aje na vitambulisho vya wadhamini wenu. Karatasi zifungeni kwenye mfuko wa plastiki mzito, hasa miezi ya kusi. Cheti cha kuzaliwa kikilowa maji ya chumvi hakisomeki tena.

Tarehe za mwisho hubadilika kila mwaka, kwa hiyo zitazameni kwenye hef.co.ke kabla ya kupanga safari ya boti.